Kahawa Chini ya Kofia

Mkono uliomletea kahawa ulitokea kulia, ukapita chini ya ukingo wa kofia, ukamfunulia kiganja. Kiganjani palikuwa na punje moja ya kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani kisha tukaianika. Kokuberwa akaichukua akaitupia mdomoni, maana mtoto wa Kinyambo aliyelelewa vizuri hairudishi kahawa ya mkubwa, awe jikoni, awe angani.

Ilikuwa na chumvi. Akadhani ni jasho la Mzee Byabato, aliyekaa kulia kwake.

Hapo ndipo alipokosea. Nyaishozi nzima inajua kwamba Byabato ana meno ya bandia, na tangu yamwangukie kwenye sahani harusini, mbele ya wakwe, hajagusa tena kahawa ya kutafuna. Lakini mtu akivaa kofia ile hakumbuki meno ya watu.

Kofia yenyewe ni ya mazoezi ya marubani. Ukingo wake mrefu unakuzibia dirisha lote, unabaki na saa za ndege, zile za kuonyesha kimo na mwendo, na magoti yako basi. Kokuberwa alikuwa akipeleka dawa vijijini kwa ndege ndogo, na kila miezi sita ilimpasa ashuke kuuelekea uwanja mara sita kwa kufuata saa peke yake, la sivyo wingu likimkuta njiani haruhusiwi kuliingia. Byabato, rubani mstaafu, alikaa pembeni awe macho yake, wasije wakabusu kilima. Mchana huo walikuwa juu ya Kimuli, jua linawaka, hakuna wingu hata la dawa.

"Ya sita hiyo, mzee," Kokuberwa akasema. "Nivue?"

"Bado moja," sauti ya Byabato ikamjibu masikioni.

"Hesabu gani hizo? Au ndiyo uzee?"

"Bado moja, dada."

Dada! Byabato ni rika la baba yake, humwita mwanangu, na akichukia humwita wewe Kokuberwa.

Akapanda, akazunguka, akashuka tena. Bado moja. Akarudia. Bado moja. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala karibu na sifuri. Ndani ya ndege kukaanza kunuka matope ya mafunjo, yale ya ukingoni mwa Kagera, mabichi, kana kwamba kuna mtu aliyeingia akiwa ametoka majini sasa hivi hata hajajifuta. Kokuberwa akainua mkono avue kofia, kofia ikagoma. Akaivuta, ngozi ya paji ikavutika nayo, akaushusha mkono taratibu, akaupeleka kulia kumtafuta mzee wa watu, na vidole vyake vikaangukia mkono mwingine, wa baridi, unaoteleza, ambao nao ulikuwa umekwisha kunyooshwa kumtafuta yeye. Na masikioni, katikati ya mngurumo wa injini, akasikia mtu anatafuna polepole, kwa raha zake, kama anayekula nusu iliyobaki ya kitu kilichogawanywa.

Nusu! Kahawa hukaa mbili mbili ndani ya ganda, zimelaliana. Na ile chumvi haikuwa jasho. Watu wawili wakigawana punje za ganda moja zilizochovywa katika damu, huo ni omukago, wamekuwa ndugu: hakuna wa kumdhuru mwenzake, hakuna wa kumnyima mwenzake anachoomba.

Injini ikakohoa.

"Kwa omukago wetu," Kokuberwa akanong'ona, "nishushe salama."

Utafunaji ukakoma. "Mimi nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Sema tena, dada."

"Ndugu yangu!"

Kofia ikamdondokea mapajani. Uwanja wa nyasi ulikuwa mbele yake kabisa, akatua. Kulia Byabato alikuwa amelowa jasho, sauti imemkauka.

"Nusu saa nakupigia kelele uvue! Nikishika usukani, mgumu kama umekamatwa na wanaume wanne. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si ulinipa kahawa?"

"Kahawa? Mimi? Na meno haya?"

Jioni haijaingia, Kokuberwa alikuwa nyumbani kwa bibi yake, Anatolia, anayekaa benchi la mbele kanisani na bado hakuna jini Karagwe lisilomjua. Bibi akasikiliza habari ya kahawa, akachoma majani yake, akafungua milango yote miwili.

"Umelaghaiwa, mjukuu wangu. Undugu wa hila haushiki. Huyo nitamtoa kabla ndizi hazijaiva. Almradi hukumwita ndugu kwa mdomo wako."

Kokuberwa akainama.

"Ulimwita?"

"Mafuta yalikuwa yanaisha, bibi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Anatolia akayazima majani kwa kiganja kitupu, wala hakuonekana kuungua. "Jini namtoa," akasema kwa sauti ndogo. "Ndugu wa mtu nitamtolea mlango upi?"

Harufu ya mafunjo ikaingia, na nyuma yake sauti, sasa si ya Byabato wala ya mtu yeyote wa pale.

"Shikamoo, bibi. Dada, ulichoomba nilikupa. Nami naomba mahali pa kulala."

Kokuberwa akamkamata bibi yake nguo. "Mwambie hapana!"

"Hanyimwi," Anatolia akasema. Akairudisha milango yote miwili, akachukua mkeka, akautandika juu ya nyasi za sakafuni, kando ya kitanda cha mjukuu wake.

Mkeka ukabonyea, polepole, kuanzia kichwani.