Mbolea Iliyokausha Vichaka

Kila asubuhi, Magrieta Beukes alipomaliza kukamua mbuzi, alisimama mlangoni mwa zizi akautazama mlima. Kambi yao ya mifugo ilikuwa juu ya Leliefontein, katika nchi kavu ya Namakwa. Kiangazi huko hakuna nyasi mbichi. Mbuzi huishi kwa vichaka vifupi vyenye majani manene.

Mwaka huu mlima ulimtia hofu. Upande wa mashariki vichaka vilikuwa vya kijivu. Ukishika tawi, linavunjika. Katikati yake zilisimama nyasi zilizokauka, na cheche moja tu ingetosha kuteketeza mlima mzima.

"Ee Mungu, mbuzi wana mimba," alisema moyoni. "Watakula nini mpaka mvua?"

Akageuka. Mumewe, Gert, alikuwa anapakia magunia mawili ya mbolea ya chumvichumvi kwenye mkokoteni wa punda.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Upande wa magharibi. Huoni mawingu? Mvua ianguke mbolea iko chini."

"Gert, huko ndiko tulikobakiza!"

"Ndiyo maana napatunza. Shayiri yetu si ilinenepa kwa mbolea hii? Na kule mashariki si kulikuwa kijani mpaka mchungaji akauliza tumesali sala gani?"

"Kijani cha nyasi, baba. Vichaka vimekufa."

"Wewe mwanamke, hata umande unauogopa kwamba utakuzamisha."

Magrieta hakucheka. Alikalia gunia. "Basi nipakie na mimi. Au tumngoje Lena, anapita leo."

Lena Joseph alikuwa binti wa jirani yao, na kazi yake ilikuwa kushauri wafugaji kuhusu malisho. Alipofika alichota udongo pande zote mbili za mlima. Akautia kwenye vikombe viwili vya maji safi, akachovya karatasi za kupimia uchachu. Karatasi ya magharibi ikawa ya kijani. Ya mashariki ikawa ya rangi ya chungwa.

"Mjomba, umemwaga mbolea huko mara ngapi?"

"Kila majira ya baridi, mvua inapoanza, tangu tuchimbe kisima."

"Rangi ya chungwa ni dalili kwamba udongo umechacha. Mbolea hii ina naitrojeni nyingi, nayo ikizidi huuchachusha udongo. Shayiri inaimaliza, halafu unavuna. Vichaka vyetu vimezoea kula kidogo. Ukivizidishia, zinaota nyasi za haraka, zinavinyang'anya maji."

"Haya, nyasi tutafyeka," Gert alisema. "Udongo si upo palepale?"

"Upo, lakini unapoteza akiba. Majani na mizizi iliyooza huacha kaboni ardhini. Chokaa ya udongo huishikilia, kama gundi. Udongo ukichacha, chokaa inayeyuka, gundi inaachia. Vijidudu vinaila ile kaboni, nayo inatoka kama hewa ya ukaa, inapanda juu. Huku udongo unabaki mkavu na mwepesi. Huko juu hewa hiyo inaongeza joto la dunia. Hata moshi wa magari na viwanda huangusha naitrojeni kwenye nchi kavu kama hii. Sisi tusiongeze."

Gert aliinamia vile vikombe. "Kwa hiyo miaka yote hii nimelisha upepo?"

"Umeulisha ukashiba," Magrieta alisema. "Mbuzi wanakutazama tu."

Hapo Gert mwenyewe akashusha magunia. Mbolea ikapelekwa kwenye shayiri bondeni, kwa kipimo. Walifyeka nyasi kavu, wakawapa mbuzi. Walilaza matawi yaliyokufa juu ya udongo ulio wazi, yashike mbegu na kutia kivuli. Upande wa magharibi mbuzi walichungwa kwa zamu, sehemu moja ikipumzika.

"Udongo hauponi kwa msimu mmoja," Lena aliwaonya. Magrieta aliendelea kuutazama mlima kwa wasiwasi, akisali. Lakini malisho yalifika mpaka mvua, na mbuzi wakazaa salama. Majira ya baridi ya pili Magrieta aliinua tawi moja walilolaza, akaona miche ya vichaka, mifupi kuliko kidole.

Wiki ile jirani yao Jakob alipita na punda aliyebeba gunia la mbolea. Gert akamzuia njiani.

"Jakob, shayiri yako iko bondeni. Chakula chake unakipeleka wapi?"

"Mlimani. Si wewe uliyeanza?"

"Ni mimi. Njoo uone nilichoanza."

Akamshika mkono, akampandisha mpaka penye vichaka vya kijivu. Jakob akashika tawi, likavunjika. Waliposhuka, Jakob alimgeuza punda wake, akamwelekeza bondeni.