Ushanga Chini ya Ulimi

Jioni ile Dada Mkubwa alijitolea kwenda bombani. Ndoo ilikuwa imejaa nusu, lakini macho ya wadogo zake yalimchoma. Chini ya ulimi alikuwa na ushanga mwekundu.

Mama yao, mtunga shanga, walikuwa wamemzika juzi. Shule hakuiona, ila hesabu ilimkaa vidoleni. Aliwaachia kopo la shanga na wosia: "Zimo elfu tano na arobaini. Idadi hii nimeichagua. Muwe wawili, muwe watatu, muwe hata kumi, itagawika sawa. Hakuna atakayelia."

Dada Mkubwa akatoa mmoja tu, ule aliokuwa akiutamani tangu utotoni. Katika maelfu, nani atajua?

Wakagawana watatu. Mmoja akapungukiwa ushanga mmoja. Wakamwita mama mdogo, wakawa wanne. Ukapungua mmoja. Akaja shangazi, wakawa watano.

Mmoja.

"Labda panya," Dada Mkubwa alisema.

"Panya gani anakula shanga, dada?" Kitindamimba akacheka kidogo. "Na wewe mbona unaongea kama una pipi mdomoni?"

Ndipo akaibeba ndoo.

Njiani akirudi, alisikia nyayo nyuma yake. Akasimama, nazo zikasimama. Akanusa nta... ile nta ya uzi wa mama.

Alipoitua tu ndoo ndani, mlango ukagongwa. "Hodi."

Mwanamke mrefu, uso ndani ya mtandio, aliingia bila kukaribishwa. Akachungulia kopo.

"Idadi ya mama yenu ilikuwa pole," alinong'ona. "Ukiipunguza mmoja, inakuwa kaidi. Wawili haiwataki. Kumi haiwataki. Mia haiwataki. Zimebaki njia mbili. Mtu mmoja azichukue zote, au waje elfu tano na thelathini na tisa, kila mtu na wake." Akamgeukia Dada Mkubwa. "Isipokuwa mwenye ule uliopungua autoe."

Kilichotakiwa ni kufungua mdomo. Basi. Lakini yeye ndiye aliyewachapa wadogo zake kwa kudokoa sukari. Angeutema vipi mbele yao?

Akameza.

"Haya," mgeni akasema. "Waje."

Hodi.

Hodi.

Hodi...

Waliingia kimya, wakatoka kimya. Kila mkono wa baridi ulichukua ushanga mmoja. Taa ikaisha mafuta, wao hawakuisha. Alfajiri kopo lilikuwa tupu, na mgeni hayupo.

Ikagongwa tena. Taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Na wangu, mwanangu?"

Hakuna aliyefungua. Sauti ile waliijua wote.

Mpaka leo wadogo zake hawajamuuliza neno. Afadhali wangemtukana. Kila magharibi hodi ile huja, na tumboni mwake kitu kidogo, kigumu, hugonga kuijibu.

Kitindamimba hukisikia. Humtazama dada yake, kisha hutazama chini.