Kipimo cha Chumba cha Bibi

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama kwanza getini, akatazama dirisha la chumba cha Bibi. Bibi alikuwa pale pale kwenye kiti chake, foronya aliyokuwa akiidarizi imelala mapajani. Chiriku alipunga mkono, Bibi naye akapunga, na hapo ndipo siku ya shule ilipokuwa imekwisha kweli.

Jina lake halisi lilikuwepo shuleni, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Bibi ndiye aliyempachika hilo la Chiriku, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyo haukujua kupumzika. Alianza kusimulia habari za darasani angali mlangoni, akaendelea akivua viatu, akaendelea akimtungia Bibi uzi kwenye sindano.

"Siku ukinyamaza nitajua una homa," Bibi alizoea kumwambia.

Siku za karibuni Bibi alikuwa akiumwa kichwa. Ikifika jioni alijifunga kitambaa kwenye paji la uso, akasukuma sahani pembeni. Jirani mmoja alipokuja kumjulia hali, alinyoosha kidole dirishani, kwenye mnara wa simu uliosimama juu ya paa la duka la mikate, ng'ambo ya barabara. "Huo ndio unaomla kichwa," alisema, kisha akaenda zake. Maneno yale yalimwingia Baba yakakataa kutoka.

Ndiyo maana Jumamosi ile Shangazi alikuja na begi lake jeusi. Shangazi alikuwa dada yake Baba, na kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya sumakuumeme majumbani na makazini. Alipima ofisini, viwandani, hospitalini, popote watu walipotaka kujua mawimbi ya mitambo na minara yanawafikia kwa kiasi gani.

"Huyaoni wala huyasikii," alimweleza Chiriku huku akifungua begi. Alitoa kifaa chenye kioo cha namba, na juu yake kichwa cha mviringo, ukubwa wa chungwa. "Kichwa hiki ndicho kinachoyanasa. Namba ikipanda, mawimbi ni mengi. Ikishuka, ni machache."

"Na simu je, Shangazi? Nayo inatoa?"

"Inatoa. Tena ikiwa karibu na kifaa, inaweza kuushinda mnara ulio mbali. Ndiyo maana nikianza kazi nina amri moja tu." Alichukua beseni la plastiki jikoni akaliweka katikati ya sebule. "Simu zote humu, kisha beseni liende kwa jirani. Hata wewe wifi yangu, usinifanyie ujanja."

Mama alicheka. "Wifi, yangu siioni tangu asubuhi. Bila shaka niliisahau kazini jana."

Chiriku alihisi masikio yanamwaka moto. Simu ya Mama ilikuwa mfukoni mwa sketi yake. Alikuwa ameichukua asubuhi bila ruhusa, kwa sababu rafiki yake alimwahidi kumtumia video ya mchezo wa netiboli, ule ambao yeye Chiriku ndiye aliyefunga goli la mwisho. Mama alishamkataza kuigusa. Angeitoa sasa, mbele ya Shangazi na beseni lake, aibu ile angeiweka wapi?

"Hakuna simu nyingine?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna," Chiriku alijibu haraka kuliko wote.

Sebuleni namba zilikuwa ndogo, na jikoni vilevile. Huko kote Chiriku alisimama mbali, mlangoni. Lakini chumbani kwa Bibi sakafu ilikuwa imebonyea karibu na kitanda, na stendi ya miguu mitatu iliyobeba kifaa ikawa inayumba.

"Njoo chuchumaa hapa unishikie mguu huu," Shangazi alimwambia. "Ushike vizuri, usicheze."

Chiriku alichuchumaa. Mara simu ikatetemeka mfukoni. Video ilikuwa imefika. Kwenye kioo namba ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena.

Shangazi alikunja uso. "Mbona hivi? Chiriku, una hakika simu zote ziko nje?"

"Ndiyo, Shangazi," alijibu, macho chini kwenye sakafu iliyobonyea.

Sebuleni, Shangazi aliwaeleza wazazi kwa upole. Namba ile haikuvuka kiwango kinachoruhusiwa, alisema, ila ilikuwa kubwa mno kuliko ya vyumba vingine, na yeye hakuipenda. Angependa kurudi siku nyingine aipime tena.

Baba hakungoja siku nyingine. "Mama hawezi kuendelea kulala pale. Atahamia kwa kaka. Nikishachukua simu yangu nampigia."

Chiriku alishtuka. Baba Mkubwa aliishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Kwa nini Bibi asihamie chumba kingine? Lakini jibu alilijua. Ukiacha chumba kidogo cha Baba na Mama, kingine hakikuwepo. Yeye mwenyewe alilala sebuleni.

Bibi hakubisha. Alisema tu kwamba hataki kuwatia watoto wake wasiwasi, akarudi chumbani na kuanza kukunja foronya zake moja moja. Ndani ya chumba hicho ndimo alimowalea Baba na Shangazi, na humo ndimo alimomuuguza Babu mpaka mwisho. Chiriku alisimama mlangoni akamtazama. Alijaribu kujiambia kwamba huenda simu haikuhusika, kwamba huenda kweli ni mnara. Moyo wake ukakataa katakata.

"Leo umemeza nini?" Bibi aliuliza bila kugeuka. "Tangu kipimo kile sijasikia neno lako. Njoo nikushike shingo, huenda una homa."

Mkono wa Bibi ulikuwa wa baridi na mlaini. Ulipomgusa tu, Chiriku akaangua kilio. Aliitoa simu mfukoni akaiweka juu ya foronya, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, video, beseni, na uongo wake wa mara mbili.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini mimi siye niliyepima. Aliyepima yuko sebuleni."

"Twende wote, Bibi. Naogopa."

"Nitakushika mkono. Kusema utasema mwenyewe."

Baba alikuwa amesharudi na beseni na tayari simu iko sikioni. Chiriku aliona akichelewa kidogo tu Baba Mkubwa atapokea. "Baba, usipige! Kosa ni langu!" Akasimulia upya, sauti ikimkatika. Mama aliitambua simu yake akafunga mdomo kwa kiganja. Baba alikata simu. Shangazi aliweka kikombe chini, akamgeukia Chiriku.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Haya. Peleka beseni kwa jirani wewe mwenyewe, kisha urudi unishikie stendi."

Walipima upya. Safari hii Shangazi alimwachia Chiriku asome namba kwa sauti. Aliisoma, akangoja, akaisoma tena. Ilikuwa ndogo, karibu sawa na ya jikoni, na haikuruka hata kidogo. Mnara ulikuwa pale pale juu ya duka la mikate, lakini kilichofika kitandani kwa Bibi kilikuwa kidogo sana.

"Mungu mkubwa," Baba alisema, akaketi kitandani kwa mama yake. Kisha akauliza, "Sasa kichwa kinamuuma kwa nini?"

Chiriku, ambaye ulimi wake ulikuwa umefunguka, akasema, "Bibi haoni tundu la sindano. Siku hizi namtungia uzi kila siku. Na akidarizi anaikaribisha foronya mpaka puani."

"Mbea wewe," Bibi alisema, akicheka kwa haya.

Jumatatu Baba alimpeleka Bibi kliniki ya macho. Daktari alishangaa mama huyo amedarizije siku zote hizo bila miwani. Miwani ilipopatikana, kile kitambaa cha kwenye paji la uso kikarudi kabatini.

Mama alimpiga Chiriku marufuku kugusa simu muhula mzima, na Chiriku hakulalamika. Shangazi naye, alipokuja tena kuwatembelea, alimketisha karibu yake. "Kifaa changu hakijui kuuliza maswali," alimwambia. "Kinapima kilicho mbele yake, basi. Ungeendelea kunyamaza, mama yangu angefukuzwa chumbani kwake na simu ya mfukoni mwako, na macho yake yangezidi kuchoka huko ugenini, sisi huku tukiulaumu mnara. Uongo wako ulikuwa mdogo, Chiriku, lakini ungemfikisha mbali mtu asiye na hatia. Nakushukuru kwamba uliurudia mwenyewe ukaurekebisha."

Siku iliyofuata, akitoka shule, Chiriku alisimama getini akapunga mkono.

"Soksi ya kushoto imeshuka!" Bibi alipaza sauti kutoka dirishani. "Na shavuni una wino!"

Chiriku alikimbia ndani. Akamkuta Bibi, miwani puani, amekwisha kutunga uzi mwenyewe. Akaduwaa kidogo. "Kwa hiyo hunihitaji tena, Bibi?"

Bibi alimvuta karibu, akampandisha soksi. "Ningekuwa kwa Baba yako Mkubwa saa hizi, nikipungia watu nisiowajua," alisema. "Ulisema neno gumu, na neno hilo ndilo lililoniacha kwenye dirisha langu. Kaa hapa. Nianzie tangu asubuhi, usiruke kitu."

Chiriku akaketi, akaanza hata kabla ya kuvua viatu.