Maswali ya Mwombaji wa Tisa

"Una dakika kumi," Mkuu alisema kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa kachero. "Uani kuna malori arobaini ya friji. Wasichana wanane wamefungiwa katika moja. Tukivamia hovyo, watawawashia baridi."

Kachero alikohoa mara moja. Maana yake amesikia.

Mbele yake bosi wa wakala wa kazi za ng'ambo alipitia fomu, miwani ya Ray-Ban utosini, simu mbili mezani. Alimuuliza kama ana wazazi, ana mume, ana ndugu wa kumtafuta. Kote akajibiwa hana. Akafurahi.

"Haya, dada. Na wewe una swali?"

Akauliza mshahara, kama wanavyouliza wote. Akauliza siku ya kuanza, akaambiwa leo hii, gari liko tayari.

"Yaya aliyekwenda mwezi jana anaendeleaje?"

Bosi alicheka. "Yule alikuwa mdadisi kama wewe. Tulimpoza kidogo, akatulia."

Yule alikuwa mdogo wake, tumbo moja, kachero kama yeye. Aliokotwa mtaroni, ameganda, mgumu kama gogo.

Kachero akatabasamu. Mungu peke yake ndiye ajuaye alilitoa wapi tabasamu lile.

Zimebaki dakika tatu.

Akainamisha uso kwa haya. Akasema kibofu chake kibovu, safari ndefu humwaibisha. Je, ndani ya gari kuna pa kujisaidia? Wanaume waliomtuma hawakulifikiria swali hilo. Bosi naye hakulitilia shaka. Alisogeza pazia, akanyoosha kidole.

"Lile jeupe, mlango wa bluu. Ndoo imo. Usiniletee udeko."

"Mlango wa bluu," kachero akarudia polepole.

"Tumesikia," Mkuu alisema sikioni.

Breki zikalia uani. Risasi mbili. Bosi akairukia simu. Bastola ya Beretta ikatoka mkobani mwa kachero, paja la bosi likapasuka kabla hajabonyeza namba.

"Wanane, wote wazima," Mkuu alisema. "Huko juu unahitaji daktari?"

"Bado."

Damu ilikuwa inatambaa chini ya meza.

"Dada, niitie daktari. Nina watoto."

"Nimebakiza swali moja. Mdogo wangu aligonga mlango kwa muda gani?"

Alilia kwanza. Kisha akajibu.

"Nusu saa."

Kachero aliitazama saa yake, akavuta kiti, akaketi. Nusu saa ilipotimia, akamwita daktari, akashuka ngazi bila haraka.

Bosi alikuwa ameacha kumwita dada tangu dakika ya ishirini.