Kiragu Ameitwa Bafuni

Jumamosi, saa ambazo River Road hujaa watu mpaka ukitaka kupiga chafya lazima uombe nafasi, Naliaka aligeuka kutoka kaunta na kumwona mwanamume amelala ndani ya bathtab ya maonyesho. Viatu amevua, ameviweka sambamba kando kama mtu aliyefika kwake. Mikono kifuani. Macho amefumba.

"Kaka," Naliaka akamwambia, "mochari haiko huku."

"Ngoja kidogo. Naoga."

"Na nguo?"

"Nikivua si utaita polisi?"

Wateja wakaangua kicheko, na Naliaka akalazimika kuuma mdomo ili asiwafuate. Kazi yake ilikuwa kuuza vyoo, masinki na mabomba, na alijivika kama anayeuza dhahabu: blauzi ya manjano, sketi ya jinzi iliyomkaa vizuri, na vile viatu vya ncha kali ambavyo miaka hiyo kila msichana wa mjini alikuwa navyo, hata kama vidole vililia.

Mwanamume akasimama mle mle ndani. Akajizungusha. Akainua mikono, akajipaka sabuni ya hewa kwapani.

"Na sasa?"

"Sasa nimehamia shawa. Unaona hii ilivyoinama chini? Mtu akiwa na povu hapa anateleza, anaamkia hospitali. Nataka ya chini tambarare, na ubavu usimame wima ndio pazia lianguke ndani, maji yasimwagike. Bafu la mteja wangu ni dogo. Akiweka tab huku na kibanda cha shawa kule, mlango hautafunguka. Namwambia tuunganishe, shawa ikae juu ya tab. Hajaamua. Ndio maana mimi naiita tabu."

"Mteja mwenyewe ni mwanamke?"

Hapo, msomaji, simama kidogo. Jina la kijana halijaulizwa. Anakotoka hakujulikani. Lakini jinsia ya mteja imeshatafutwa. Wivu wa Naliaka ulitangulia mapenzi yenyewe, ukafika mapema, ukashika kiti.

"Ni madam fulani wa Lavington," kijana akajibu. "Mimi naitwa Kiragu, fundi wa mabomba. Nipe namba nitakuwa nauliza kama tab tambarare zimefika."

"Namba ya duka iko kwa kibao hapo nje."

"Nimekiona. Hakina dimpo shavuni."

Akapewa namba.

Kuanzia hapo tab tambarare zikawa zinaulizwa asubuhi, mchana na jioni. Kiragu akiishiwa na kredo alikuwa anaflashi, Naliaka anapiga, na wa kwanza kusema "kata wewe" ndiye aliyekuwa wa mwisho kukata. Walikula chipsi wakiwa wamesimama, wakakaa bustani ya Jeevanjee wakisikiliza wahubiri wakishindana sauti, na jioni moja Kiragu akamsindikiza mpaka Woodley, kwenye nyumba ya Anti Everlyn, dada ya babake, aliyemlea. Hakuingia. Aliambiwa ataingia Jumapili, avae shati la kola, ajulishwe rasmi. Na kwa Anti Everlyn, mwanamume aliyejulishwa rasmi hana ruhusa ya kubadilisha mawazo.

Sasa ile simu ya Kiragu. Ilikuwa Nokia iliyofungwa mpira mgongoni, na haikukaa nusu saa bila kulia.

"Ni nani?"

"Ni Madam Debra. Naitwa bafuni."

"Tena?"

"Ameona picha kwa gazeti, sasa anataka dirisha lisiguswe na maji. Ni la mbao. Ana haki."

"Kiragu, mwanamume akiitwa bafuni kila siku, mimi niulize nini? Kama maji yalikuwa moto?"

"Dia, ni kazi."

"Anakuita nani?"

Kiragu akakohoa. "Kira."

"Kira!" Naliaka akalirudia jina kama mtu aliyetafuna ndimu. "Mimi mpenzi wako nakuita Kiragu kama kwa rejista ya shule, na yeye amekukata mkia. Amevaa nini akikuonyesha hilo dirisha?"

"Sijaangalia."

"Fundi ambaye haangalii! Utawezaje kupima ukuta?"

Aliyasema kwa utani, lakini usiku aliyachambua bila utani. Alimjua Debra kwa sauti tu, maana sauti ilivuja kutoka kwa simu: laini, ndefu, ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia gari. Naliaka akaijengea mwili. Akaipa kucha nyekundu, khanga moja na mlango usiofungwa vizuri.

Ijumaa kabla ya ile Jumapili walikuwa mkahawani wakila chapati na ndengu. Kiragu akaenda kunawa mikono. Simu ikalia juu ya meza. Naliaka akaiangalia. Simu ikamwangalia. Akaichukua, akabonyeza, na kabla hajasema haloo, sauti ikamwagika.

"Kira, usiseme kitu, sikiza tu, natoroka mkutano. Nimeamua. Hii stori ya kila mmoja kivyake imeisha. Nataka pamoja. Najua hapo ndani ni padogo, lakini si watu hubanana? Na tafadhali, Waithaka asijue. Bwanangu akirudi apate mambo yameshafanyika. Bai!"

Mimi na wewe tumekaa kwa hii hadithi tangu mwanzo, tunajua madam alikuwa anazungumzia tab na shawa. Lakini Naliaka alikuwa na A ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu wake alimwingizia ngeli kichwani kwa rula. Kitu hakiwi kila mmoja. Mtu ni kila mmoja. Kila mmoja kivyake? Hao ni watu. Tena watu wanaobanana. Tena bwana asijue.

Kiragu akarudi akikung'uta maji.

"Mbona hivyo? Ndengu imekuuma?"

"Umeitwa."

"Na nani?"

"Nenda, ameamua. Na Jumapili usije."

"Naliaka! Ameamua nini?"

"Kubanana!" Akachukua mkoba, akatoka, viatu vikigonga sakafu kama nyundo ya fundi. Kiragu alibaki na chapati mbili na swali.

Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena, ikazimwa. Jumapili ikapita na shati la kola likiwa kwenye hanga huko kwake Kangemi. Jumatatu jioni akasema liwe liwalo, akanunua njugu karanga ambazo Naliaka alizipenda, akaenda kumngojea nje ya duka.

Akamwona akitoka. Amejiremba: suruali nyeusi, shali jekundu, midomo inang'aa. Na mbele ya duka, injini ikiunguruma, pikapu ya Tobias.

Huyu Tobias alizungusha sampuli za vigae madukani, alijipulizia manukato ya kuamsha maiti, na kwa miezi mingi alikuwa amemwomba Naliaka akubali lifti tu, lifti tu jamani. Naliaka alikuwa amemkatalia kila mara. Siku hiyo alimwona Kiragu ng'ambo ya barabara. Akafungua mlango wa pikapu polepole, polepole kabisa, ili kila mwenye macho aone, akapanda.

Kiragu akala njugu zote peke yake pale pale, bila kujua ladha yake. Kisha akapiga. Safari hii ikashikwa.

"Uko wapi?"

"Kwa gari."

"La nani?"

"La mtu mwenye bafu lake. Haitwi kwa la watu."

"Naliaka, nimekukosea nini? Niambie mara moja."

"Muulize Waithaka," akasema, akakata. Kiragu akabaki akijiuliza bwana wa mteja wake amejulikanaje na mpenzi wake, na wivu ukamjengea naye chumba chake: sasa Waithaka, Tobias, na nani mwingine?

Tab tambarare zikafika Jumatano. Kiragu aliagiza ya Madam Debra kupitia kwa mwenye duka, akimkwepa Naliaka. Lakini Naliaka ndiye aliyeandika anwani. Lavington. Kalamu ikatulia hapo. Alitaka kuona. Hakutaka kuambiwa, alitaka kuona kwa macho yake, halafu aamue kama ni kulia au ni kupigana. Akamwambia mwenye duka kuwa mzigo kama huo hauendi bila mtu wa duka, usije ukadaiwa umepasuka njiani, akapanda lori karibu na dereva, blauzi ya manjano imepigwa pasi, midomo imepakwa upya.

Lango likafunguliwa na askari. Nyumba ilikuwa ya vigae vyekundu, nyasi zimenyolewa, mbwa watatu wamefungwa. Dereva akaanza kufungua kamba. Naliaka hakungoja. Akafuata ukumbi, akafuata sauti.

"Kira, nikikunja magoti hivi?"

"Hapana, madam, nyoosha. Nyoosha kabisa."

"Kichwa kinagonga."

"Basi sogea kwangu kidogo."

Naliaka akausukuma mlango kwa mguu. "Sogeeni wote, mimi nataka kuona mkibanana!"

Bafu lilikuwa tupu, limevuliwa kila kitu mpaka saruji. Sakafuni kulichorwa kwa chaki umbo refu la tab, na ndani ya chaki hiyo alilala mwanamke mnene wa makamo, rola za nywele kichwani, soksi za sufu miguuni, sweta mbili. Kiragu alikuwa amepiga magoti upande wa mlango na futi ya kupimia. Ukutani, juu kabisa, lilitundikwa koti refu la mwanamume.

"Huyu ni nani?" akauliza Debra kutoka chini.

"Ni... ni wa dukani," Kiragu akasema.

"Wa dukani!" Naliaka akawaka. "Juzi nilikuwa dia, leo ni wa dukani! Na hilo koti ni la nani?"

"La bwanangu. Waithaka ni mrefu, tunapima shawa ikae wapi asigonge kichwa. Yuko kazini Botswana, anarudi Ijumaa ijayo, namfanyia sapraizi." Debra akainuka kwa kiwiko. "Wewe ndio nani, mamii?"

"Mimi ndiye niliyeshika simu! Ulisema hutaki kila mmoja kivyake, unataka pamoja, Waithaka asijue!"

Debra akatazama dari. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, rola mbili zikadondoka.

"Tab na shawa! Uui, Ngai! Nilikuwa nasema tab na shawa!"

"Basi ungesema kila moja! Moja ni kitu, mmoja ni mtu!"

"Mamii, mimi ni Mkikuyu wa Nairobi. Kitu, mtu, ng'ombe, zote ni mmoja. Nani alinifundisha?" Akajishika kiunoni, akasaidiwa kuinuka na Naliaka yule yule aliyekuja kumpiga. "Wacha niwawekee chai. Na msivunje ukuta wangu."

Wakabaki wawili kwenye saruji. Naliaka akacheka kidogo, akidhani yameisha. Kiragu hakucheka.

"Uliingia gari la Tobias."

"Nilitaka uone."

"Niliona. Tangu Jumatatu nimekuwa naona. Mko pamoja naye?"

"Hatuko. Nilishuka steji ya Adams, manukato yake yaliniumiza kichwa. Sijampa hata asante."

"Unanishika na simu ya mteja, unanihukumu, unanifungia, halafu unapanda pikapu mbele yangu. Na kuniuliza, hapana." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Naliaka. "Kama ningekuwa nimekuja Jumapili, ningeomba uchumba. Sasa sijui nimwombe nani. Wewe au wivu wako?"

Naliaka akatazama viatu vyake vya ncha kali, vimejaa vumbi la saruji.

"Tunakaa nyumba moja, mimi na huo wivu," akasema. "Sitakudanganya utahama. Nikikuona unacheka na muuza nyanya, roho inapanda. Lakini nilipokuwa kwa ile pikapu, nilikuwa nageuka nyuma mpaka shingo ikauma. Nisamehe, Kira."

"Usiniite hivyo."

"Na yeye asikuite hivyo."

Kiragu akajaribu kukunja uso, ukakataa. "Ukiwaza kitu, uliza. Hata kama ni upuzi. Hata saa nane ya usiku, flashi, nitapiga."

"Na wewe?"

"Mimi ukipewa lifti tena, nitalala mbele ya hiyo pikapu." Akatoa Nokia. "Nipe namba ya anti yako."

Ikalia mara moja tu.

"Nani?" Sauti ya Anti Everlyn ilijaa bafu zima, maana hakukuwa na kitu cha kuizuia.

"Ni Kiragu, anti. Habari yako?"

"Kiragu wa bafuni?"

"Huyo huyo. Imekuwa makosa, tumeelewana. Naomba nije Jumapili hii. Na si kujulishwa tu. Nataka kumwoa Naliaka."

"Umemuuliza?"

Kiragu akamtazama Naliaka. "Bado."

"Muulize nikisikia."

Akaisogeza simu katikati yao. Vumbi la chaki lilikuwa kwenye nyusi zake. "Naliaka, utakubali nikuoe?"

"Hapa? Na Madam anasikia?"

"Mimi sisikii kitu!" Debra akapiga kelele kutoka jikoni.

Naliaka akafuta jicho kwa kiganja. "Nakubali. Nakubali, Kiragu."

"Nimesikia," akasema Anti Everlyn. Kisha akashusha sauti. "Sasa huyo mwanamke wa Lavington. Ana bwana kweli?"

"Ana, anti. Anarudi Ijumaa ijayo."

"Wewe umemwona?"

"Nimeona koti lake."

"Koti!" Simu ikatetemeka. "Basi hii Jumapili wacha kwanza. Njoo hiyo nyingine, na huyo bwana uje naye. Akae hapa sebuleni kwangu nimwone kwa macho."

Kiragu akafunika simu kwa mkono. "Anamtaka Waithaka. Nimwambie nini?"

"Mwambie atakuja," Naliaka akasema, akimfuta chaki usoni. "Hata mimi nataka kumwona."