Herufi za Mkono wa Kulia

Siku za shule, Chapuchapu alirudi nyumbani alasiri, akavua viatu mlangoni na kumwamkia shangazi yake kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Jina hilo alipewa na mama yake, maana kila kazi aliifanya mbio. Vyombo alivipanga vikiwa bado na povu, na ufagio wake ulipita katikati ya chumba ukaziacha kona zijijue. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa haraka hakuna aliyemfikia.

Shangazi alimwitikia bila kugeuka, kwa sababu saa hizo alikuwa bado kazini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuichapa, neno kwa neno, kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni karibu na dirisha. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, hadi kiharusi kilipomwangusha. Alilazwa hospitalini kwa muda mrefu. Aliporudi, ulimi ulikuwa umefunguka na miguu inatembea, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani, hauna habari na mtu.

Ndipo alipoitwa fundi wa kompyuta. Mashine ile ilitumia mfumo huria, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha, na fundi aliubadilisha kwelikweli. Alipanga kibodi upya ili mkono wa kushoto ufanye kazi ya mikono miwili. Shangazi alipokandamiza kile kitufe kirefu cha nafasi kwa kidole gumba, herufi zote za upande wa kulia zilihamia upande wa kushoto. Ilimchukua miezi kujifunza, na siku nyingine alijifunza huku analia. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuanza kazi aliandika neno moja tu: "nipo". Herufi zake zote nne ni za mkono wa kulia. Neno likitoka sawasawa, alitabasamu na kuianza siku.

Jioni kompyuta ilikuwa ya Chapuchapu, mpaka chakula kiive. Alipenda mchezo wa mashindano ya magari, ila ulikuwa na kero moja. Kila gari lilipokata kona kwa kasi, picha ilipasuka katikati, nusu ya juu ikaachana na nusu ya chini. Alimlalamikia mwenzake wa dawati, ambaye darasa zima lilimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake. Profesa alimweleza kwamba hayo ni maradhi ya mfumo wa zamani wa kuonyesha picha. Kuna mfumo mpya, na huenda tayari umo ndani ya mashine yao. Kwenye ukurasa wa kuingilia, kabla ya kuandika neno la siri, pembeni kuna alama ndogo ya kuuchagua. Kisha akamwonya kwamba baadhi ya vitu vilivyotengenezewa mfumo wa zamani hugoma kwenye mpya, kwa hiyo amuulize kwanza mwenye mashine. Chapuchapu alisikia sehemu aliyoitaka.

Ijumaa jioni, Shangazi alipokuwa jikoni akizungumza na Mama, Chapuchapu aliitafuta ile alama, akaibofya, akachagua mfumo mpya. Gari liliteleza barabarani kama limepakwa mafuta. Kona zote zilipita na picha haikupasuka hata mara moja. Alicheza mpaka alipoitwa mezani, akazima mashine na kwenda kula kwa furaha. Hakujua, wala hakujiuliza, kwamba mashine hukumbuka chaguo la mwisho.

Asubuhi ya Jumamosi, Chapuchapu alikuwa akifagia sebule Shangazi alipoketi mezani. Alisikia vitufe vikigonga, kisha vikanyamaza. Vikagonga tena, polepole zaidi, na vikanyamaza tena.

"Hebu njoo, mwanangu," Shangazi akaita. "Nisomee hapa. Nimeandika nini?"

Kwenye skrini palikuwa na herufi nne zilizoachana: b, e, q, w. Maneno ya Profesa yalimrudia Chapuchapu yote, hata yale aliyoyaruka. Alielewa papo hapo kwamba mpango wa herufi alioutengeneza fundi ulikuwa umegoma kwenye mfumo mpya. Ilimbidi aseme, lakini aliogopa kunyimwa ile saa yake ya jioni.

"Sijui, Shangazi," akajibu. "Labda umechoka."

Shangazi aliutazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba kiharusi huweza kurudi, na kwamba huenda kikaanza kwa kumchanganya maneno. Alizima mashine, akaifunika kwa kitambaa, akaenda chumbani kwake huku ameshika ukuta. Ukuta huo alikuwa ameacha kuushika siku nyingi.

Chapuchapu aliuacha ufagio. Aliwasha kompyuta, akaurudisha mfumo wa zamani, kisha akajaribu kwa mkono wa kushoto. "Nipo" ikatoka. Alishusha pumzi, akaona mambo yamekwisha na hakuna aliyejua. Alikimbia chumbani na kumwomba Shangazi ajaribu tena, labda mashine itakubali.

"Mashine haina kosa," Shangazi akasema. Aligusa paji la uso wake. "Kosa liko humu. Kidole nilikiona kikienda pale pale nilipokituma, na bado neno likatoka jingine. Niitie mama yako."

Mama alikuja na mikono ina sabuni. Shangazi alimwambia kwa sauti ndogo kwamba anaomba kupelekwa hospitali. Kabla ya hapo, Mama apige simu kwenye ofisi inayompa kazi na kuwaambia wampe mtu mwingine ile kazi, kwa sababu hataki kuwachapia watu upuuzi. Mama alijaribu kumtuliza.

"Wifi, nilikuwa nimeanza kujiona mzima," Shangazi akasema. "Nilijidanganya."

Mama alifuta mikono, akachukua simu. Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni. Aliona vidole vya kushoto vya shangazi yake vikigonga juu ya shuka, polepole, vikilitafuta lile neno mahali pasipokuwa na kibodi. Alipoviona, aliona aibu kuliko wakati mwingine wowote. Kompyuta ilikuwa imepona, lakini Shangazi hakuwa amepona, na dawa yake ilikuwa mdomoni mwa Chapuchapu peke yake.

"Mama, usipige," akasema. "Shangazi, si kichwa chako. Ni mimi."

Alieleza yote: mchezo, alama ndogo, onyo la Profesa, na jinsi alivyorudisha mfumo kwa siri. Hakuliacha hata lile gumu zaidi, kwamba alipomwambia Shangazi amechoka, ukweli alikuwa anaujua.

"Ulijua," Mama akauliza, "ukamwacha aende ameshika ukuta?"

Shangazi hakugomba. Aliinuka, akaenda mezani na kuondoa kitambaa.

"Nionyeshe," akasema. "Leo siamini maneno matupu, hata yangu."

Chapuchapu alichagua mfumo mpya, na Shangazi akaandika. Zikatoka zile zile: b, e, q, w. Akarudisha wa zamani, Shangazi akaandika tena. "Nipo." Hapo ndipo Shangazi alipolia, akiwa ameegemea bega la wifi yake.

Mama alishikilia kwamba hospitali waende hata hivyo, apimwe shinikizo la damu, kwa kuwa hofu nayo ni ugonjwa. Kwa bahati nzuri, hali yake ilikuwa nzuri. Fundi alipopigiwa simu aliahidi kumtengenezea Chapuchapu mlango wake mwenyewe wa kuingilia kwenye kompyuta, acheze bila kugusa mambo ya Shangazi. Alisema pia kwamba atatafuta namna ya kupanga herufi hizo kwenye mfumo mpya, kwani ule wa zamani hautadumu milele.

Waliporudi nyumbani, Shangazi alimketisha Chapuchapu karibu naye. Chapuchapu aliomba radhi, na Shangazi akamwacha amalize.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kujaribu kitu kipya si kosa. Kubadilisha kitu cha mtu bila kumuuliza ni kosa, na hilo ulilirekebisha kwa kubofya tu. Lakini uliponiambia nimechoka, ulinifanya nisiiamini akili yangu mwenyewe. Hilo, kompyuta hailirekebishi. Linarekebishwa na ukweli, na ukweli ukichelewa, kuna mtu anaumia akiusubiri."

Kisha akamsogezea kibodi.

"Andika neno langu. Mkono wa kushoto tu."

Chapuchapu aliuweka mkono wa kulia mapajani. Aliandika bila haraka, akiitafuta kila herufi, mpaka zote nne zikatimia kwenye skrini: nipo.