Mwenye Ng'ombe na Mlishi

Duka la kutolea fotokopi pale Iringo lilikuwa limefurika watu siku Chrispin alipomkanyaga Adventina Wanzagi mguu.

"Samahani, dada. Macho yalikuwa kwenye karatasi yako. Nani kakuandikia programu hii?"

"Mikono hii hii. Au mvaa kitenge haandikagi programu?"

Chrispin, fundi kompyuta mwenye shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi, alicheka hadi foleni ikageuka kuwatazama. Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula sato, nikakuwaza."

"Kumbe sato wa kwanza, mimi wa pili!"

Adventina alikuwa akimalizia chuo, na programu yake ilikuwa ya wafugaji. Katika lugha ya kompyuta aliyoitumia, mtu huweza kujitungia aina yake ya data: huitangaza mwanzoni, akitaja kila sehemu yake, ndipo programu nzima huitambua. Yeye alitangaza aina aliyoiita Ngombe, yenye jina, rangi, mama, mwenyewe na mlishi. Sehemu ya mwisho ndiyo aliyoionea fahari. Kwao Butiama, ng'ombe wa mtu huweza kukaa miaka kumi katika boma la mwingine, yaani mlishi, akakamuliwa na kuzaa huko, na bado akabaki wa mwenyewe.

"Nitunzie," alimwambia Chrispin, akimkabidhi flashi. "Hakuna mwingine niliyemwonyesha."

"Kama mboni ya jicho langu, mpenzi."

Jumamosi moja Chrispin aliaga kwamba anakwenda Mwanza. Asubuhi hiyo hiyo shangazi yake Adventina, Mama Ghati, alipiga simu: "Nisindikize Bunda, mwanangu. Kuna kijana anatuonyesha kompyuta ya ng'ombe."

Kijana mwenyewe alikuwa Chrispin. Nyuma yake, ukutani, iling'aa aina ya Ngombe, herufi kwa herufi.

"Nimeiunda kwa akili yangu," aliwaambia wafugaji.

Adventina aliisoma sehemu kwa sehemu. Kitu kimoja tu hakikuwapo: mlishi. Chrispin alikuwa amekifuta, akidhani mwenyewe na mlishi ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Kisha akamwandika kila ng'ombe kwa jina la mwenye boma alimomkuta.

Mama Ghati alisimama. "Nitafutie ng'ombe wangu, Mabaka. Yuko Buhemba kwa shemeji."

Ukuta ukajibu: mwenyewe, shemeji.

"Yaani mashine imeninyang'anya ng'ombe mchana kweupe?"

Watu walicheka, kisha kila mmoja akaanza kuuliza habari za ng'ombe wake, na sauti zikapanda. Chrispin alipekua mistari huku jasho likimtiririka. Alipoinua macho, yalikutana na ya Adventina. Adventina aligeuka kutoka, Chrispin akamfuata hadi mlangoni.

"Mpenzi, nilikuwa naitafutia ndoa yetu pesa. Mwezi huu naleta wazee kwenu. Nionyeshe tu ile sehemu inarudije."

"Ulisema uko Mwanza."

Adventina alirudi ndani, akaketi mbele ya kompyuta, akaandika upya ule mstari mmoja wa mlishi, kisha akamwandika Mama Ghati mahali pake na shemeji mahali pake. Vigelegele vikapigwa. Akachomoa flashi.

"Na mimi, Adventina?" Chrispin alinong'ona.

"Mlishi hukamua, akanywa, wala hakuna anayemlaumu. Ila akiitwa mbele za watu, humtaja mwenyewe." Aliifunga flashi katika pindo la kitenge chake. "Nilikupa ulishe, Chrispin. Leo nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."